Mkeo hajaua kipaji chako, ameuliza hela inaingia lini

Msomaji wetu anatuandikia kwamba ni miezi saba sasa tangu apunguzwe kazini. Amejitosa kuchora kwa kujitegemea: majalada, vitabu vya watoto, nembo. Mkewe, ambaye sasa ndiye mlipa kodi ya nyumba, humuuliza kila jioni, "Hela inaingia lini?" Anasema mke anaua kipaji chake, na anataka mbinu za kumfanya amwelewe.

Mwanangu, pole. Kupunguzwa kazi kunauma, na kuanza upya ukiwa na familia si jambo dogo. Sasa tuzungumze.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mkeo umemlalamikia ukurasa mzima. Wateja umewapa mistari miwili, na ugonjwa uko humo. Unasema mwenye kitabu cha watoto amekurudishia michoro mara tisa, na kuhusu malipo "tutaelewana tu". Kisha unagusia kwa haraka kwamba kiinua mgongo kiliishia kwenye kishikwambi kipya cha kuchorea. Hukusema kama mkeo alishirikishwa. Angekuwa ameshirikishwa, ungesema.

Basi mimi nasimama na mkeo. Swali lake la kila jioni ndilo ulilopaswa kumuuliza mteja kabla hujashika kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Makubaliano yawe ukurasa mmoja, lakini yaandikwe: michoro mingapi, ukubwa gani, tarehe ya rasimu na ya kukabidhi, bei, na mchoro utatumika wapi na kwa muda gani. Mchoro wa jalada ukihamia kwenye fulana, hiyo ni ruhusa nyingine na bei nyingine. Nusu ya malipo uipate kabla ya kuanza, na mteja akikatisha kazi njiani kianzio hakirudi. Mpe masahihisho mawili kwenye rasimu ya penseli na moja kwenye rangi. Zaidi ya hapo analipia. Kugeuza mkono wa mhusika kwenye penseli ni dakika kumi, ukishapaka rangi ni nusu siku. Kwa hiyo usiguse rangi kabla hajaandika "nimeikubali rasimu". Ukikimbilia rangi ili umfurahishe, ndipo unaporudishwa mara tisa.

Kabla hajamaliza kulipa, mwonyeshe picha ndogo ya pikseli 1000 yenye jina lako katikati. Faili la kuchapa la A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, nukta 300 kwa inchi, na nyongeza ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Muulize mchapaji mapema kuhusu rangi za CMYK, yaani wino nne za kuchapia, kwa sababu kijani na buluu zinazong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, na lawama huja kwako.

Bei nayo haikisiwi. Jumlisha matumizi ya nyumba ya mwezi, vifaa, intaneti, kodi ya serikali na akiba, kisha gawanya kwa saa zinazolipwa. Wengi hugawanya kwa 160 na kujipunja. Gawanya kwa 80, maana nusu ya muda huliwa na kutafuta wateja, kujibu barua na kufuatilia ankara. Na matumizi ya nyumba hiyo anayajua nani kwa tarakimu? Huyo huyo unayemwita adui wa kipaji.

Ndoa za siku hizi zimeingiwa na neno "niunge mkono", na wengi wanaolisema wanataka kunyamaziwa. Zamani mtu alipimwa kwa alichobeba. Mwanamke aliyelipa kodi miezi saba bila kufunga virago ameshakuunga mkono, tena kwa vitendo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Leo usiku muombe radhi kwa kile kiinua mgongo, bila kuongeza "lakini". Kisha kaeni na hesabu hiyo, mkubaliane miezi minne na kiwango cha pesa. Kisipofikiwa, utatafuta kibarua cha nusu siku na kuchora muda unaobaki. Kesho asubuhi mwandikie mwenye kitabu: ankara hii hapa, ilipwe ndani ya siku 14, na sahihisho la kumi halitaguswa kabla ya hapo.