Panya mzingani: ziba mlango sasa hivi Septemba, usisubiri theluji

Mkuu hongera kwa hiyo mizinga miwili. Umeuliza baridi ya huku Minnesota, Marekani, nyuki wanaivukaje na kama kweli panya anaweza kuingia mzingani nyuki wote wale wakamwacha. Naanza na panya maana ndo aliyeniumiza.

Mimi nimekulia Tabora, mzee alikuwa na mizinga ya magogo huko porini, maadui tuliowajua ni nyegere na siafu, waya za kuning'inizia mizinga tunapaka oili chafu basi. Panya sikuwahi kumfikiria. Mwaka wangu wa kwanza huku nikaweka kizuizi mlangoni Novemba, theluji imeshaanguka, nikajua nimemaliza kazi. Machi nafungua, kumbe jamaa alishaingia zamani na mimi nikamfungia humohumo. Katafuna masega ya fremu tatu, kajaza majani makavu, kakojoa kila mahali, na nyuki wote wamekufa huku asali ipo juu yao. Iliniuma sana, mpaka leo nikikumbuka.

Iko hivi, joto likishuka kwenye nyuzi 14 hivi nyuki wanaanza kujikusanya, baridi ikikaza wanakuwa tonge moja katikati ya masega, malkia yuko ndani, wanatetemesha misuli ya mabawa kutoa joto. Hapo mlangoni hakuna mlinzi tena. Panya anaingia usiku anajenga kwenye kona ya chini mbali nao na hawamgusi. Na yeye hasubiri theluji, anatafuta nyumba kuanzia zile usiku za kwanza za baridi, yaani wiki hizi hizi.

Kwa hiyo nunua wavu wa chuma ule mgumu wenye matundu ya kama milimita 10, nyuki anapita panya hapiti, kata kipande kizibe mlango wote kibane kwa misumari midogo. Kile kipande cha mbao cha kupunguza mlango usikitegemee peke yake, anakitafuna. Ila KABLA hujafunga fungua mzinga mchana wa joto uchungulie mpaka sakafuni kwa tochi, ukiona majani makavu ujue kuna mtu. Na kama boksi la juu lina lile tundu la duara liache wazi kwa sababu mlango wa chini unazibwa na theluji na nyuki waliokufa, na siku zikipata joto kidogo wanatoka hapo kwenda haja, nyuki hachafui ndani, ila nalo liwekee wavu, panya anapanda.

Sasa baridi yenyewe. Kinachoua zaidi ni maji, si baridi. Lile tonge linapumua, mvuke unapanda unakutana na mfuniko wa baridi unageuka matone yanawadondokea. Nyuki mkavu anavumilia, aliyelowa ndo basi tena. Mimi naweka ubao laini wa kunyonya unyevu chini ya mfuniko, na nyuma ya mzinga nachomeka kijiti uinamie mbele kidogo maji yatoke mlangoni. Nje nazungushia lile boksi jeusi la kadibodi lililopakwa nta, linakata upepo.

Chakula, huku kundi moja linataka asali kilo 35 mpaka 40 kufika majira ya kuchipua. Ikipungua wape sukari kilo 2 kwa lita 1 ya maji, sasa hivi, usiku ukianza kuwa wa baridi kali hawainywi tena. Na ule wavu wa kumzuia malkia asipande juu UTOE, tonge linapanda kufuata asali na malkia atabaki chini peke yake agande afe.

Varoa je, wale wadudu wadogo wanaonyonya nyuki, umepima? Kama bado pima wiki hii, nyuki watakaovuka baridi ndo wanalelewa sasa, wakizaliwa wamenyonywa na wale wadudu hawafiki Februari hata uwafunike na blanketi. Kule kwetu nyuki wakishindwa wanahama, hawa hawana pa kwenda, ni wewe tu.

Inua mzinga kwa nyuma kwa mkono mmoja uniambie unasikiaje uzito na una maboksi mangapi, nikwambie kama wa kulishwa au la.