Mashine ya kwanza ya kuchomelea

SWALI: Kaka shikamoo, nataka kujifunza kuchomelea mageti na grili, niko Mbagala, hela yenyewe ya kuungaunga. Ninunue mashine gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua inveta (mashine nyepesi ya kielektroniki) ndogo ya kutumia fimbo, yaani vile vijiti vya kuchomelea, achana na ile ya koili, nzito na inakula umeme sana. Ya gesi na waya sahau kwanza maana mtungi tu utakumaliza. Usidanganyike na ampia 300 (kipimo cha mkondo wa umeme) zilizoandikwa ubavuni, fimbo ya 2.5 mm inataka kama ampia 60 hadi 90 tu, kwahiyo ya 140 ya kweli inakutosha kabisa, na hapohapo dukani omba wakuchomee kipande uone moto unatulia au unakatakata. Anza na fimbo za aina ya 6013, zinawaka kirahisi, zihifadhi pakavu.

Alafu usimalize hela yote kwenye mashine!! Bakiza ya helmeti yenye kioo cheusi namba 10 au 11 na glavu za ngozi. Nawaona vijana wanachomelea na miwani ya jua, usiku macho kama yana mchanga, inaniuma sana. Na bomba la mabati usilichomelee chumbani, ule moshi mweupe unaleta homa.