Bwana yako hajakukataza Mungu

Mama wa Kasese, Uganda, barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi. Unasema wewe Mkatoliki wa kuzaliwa, sala imekauka mdomoni, kengele ya misa ikilia moyo unadunda na mikono inatoka jasho, na bwana yako amekuwa "wakala wa shetani" sababu kakukataza kutembea kwa miguu mpaka Namugongo, kwenye hija ya mashahidi wa Uganda, mwaka huu. Unauliza umuache ama uvumilie.

Pole, hasa kwa yule katekista wa utotoni aliyekuwa anawapigisha magoti kwenye changarawe mkikosa jibu moja la katekisimu. Ule ulikuwa ukatili, hauna jina lingine. Sasa tuongee ukweli.

Barua nzima unamlaumu bwana, alafu chini kabisa, mstari mmoja tu, unataja kwamba unanyonyesha mtoto wa miezi 7. Miezi 7! Na unafunga kila Jumatano na Ijumaa bila hata maji, Alhamisi unakesha na kikundi cha sala, saa tisa usiku unaamka kuanza rozari upya eti ulisinzia fumbo la tatu, dhambi ile ile ushaiungama kwa mapadre watatu. Mwanaume akiitoa rozari mkononi pole pole akakupa kikombe cha uji, unamwita shetani? Mimi niko upande wake. Wanaume wangapi unawajua wanaopika uji saa tisa usiku?

Kanisa lenyewe halijakutuma hayo. Linataka misa ya Jumapili na sikukuu za amri, dhambi kubwa uziungame walau mara moja kwa mwaka, na kufunga ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena anayenyonyesha hata hizo halazimiki. Hija ni hiari ya mtu. Karoli Lwanga na wenzake, hao mashahidi wa Namugongo, hawakuchomwa 1886 ili wewe utembee kilomita zaidi ya 300 mtoto akose maziwa.

Ignasi wa Loyola mwaka 1522 kule Manresa, Hispania, alikuwa hivo hivo, anaungama anarudia, hatulii, akakaa wiki nzima bila kula mpaka padre wake akamwamuru ale. Akala, na ni mtakatifu mpaka leo.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha, mke anamsikiliza kiongozi wa kikundi cha WhatsApp kuliko mtu anayelala naye kitanda kimoja na kumuona anavyokonda, kila kikundi kina mkesha wake na novena yake, sala za siku tisa, nyumba inabaki na mama aliyechoka na watoto wanaoogopa kelele. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Chagua padre mmoja, mwambie yote pamoja na ya katekista, akisema basi iwe basi, usikimbilie mwingine. Ule moyo kudunda peleka hospitali, omba kuonana na mshauri wa afya ya akili, hiyo sio pepo. Kikundi waage. Jumapili nenda na bwana yako misa ya asubuhi mkae karibu na mlango, ukizidiwa toka nje upumue, na siku mwili umekataa kabisa, mgonjwa kukosa misa sio dhambi. Tarehe 3 Juni fuateni Namugongo kwenye redio mkiwa nyumbani.

Na usiku wa leo muombe msamaha kwa lile neno la shetani, kabla hajalizoea.