Gari la umeme: anza chini, skrini baadaye

Nimeona Nissan Leaf mbili za 2018 kutoka Japani. Moja ina skrini kubwa na kamera pande zote, nyingine haina ila bodi imetulia. Nichukue ipi? (Mombasa)

Hujasema hali ya betri, na bila hiyo hakuna cha kulinganisha. Betri ya Leaf hii ni kWh 40 na haina maji ya kuipoza; inategemea hewa tu. Joto la pwani na chaji ya kasi ya kila siku huichosha mapema. Chomeka kifaa cha Bluetooth kwenye soketi ya OBD2 (ya kupimia hitilafu za gari) chini ya usukani, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome SOH, yaani asilimia ya uwezo wa betri uliobaki. Vistari 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri havitoshi: cha kwanza huzimika SOH ikishuka hadi karibu asilimia 85. Kisha panda mlima chaji ikiwa chini, uangalie seli za betri kwenye LeafSpy. Moja ikiporomoka peke yake, hiyo ndiyo itakayokulaza njiani. Na kwa kuwa wajanja huweza kufuta kumbukumbu ya betri ili isomeke kama mpya, liendeshe gari kutoka chaji kamili uhesabu kilomita.

Betri zikilingana, chukua yenye bodi iliyotulia. Lipandishe kwenye rampu. Sanduku la betri limelala chini ya sakafu, kwa hiyo tafuta mbonyeo, mikwaruzo ya matuta na kutu kwenye bolti. Tikisa boljointi, kagua bushi, pangusa shokapu uone kama zinavuja mafuta. Gari lina tani moja na nusu, kila kilichochoka huko chini kitamalizika upesi. Inua kapeti pia: unyevu au uvundo maana yake mipira ya milango imekwisha, au gari liliwahi kukaa kwenye mafuriko. La mafuriko usilinunue kwa bei yoyote.

Si teknolojia ndiyo maana ya gari la umeme? (Arusha)

Ndiyo, na teknolojia hiyo ni aina ya seli, mfumo wa kupoza na kasi ya kuchaji. Skrini ni kitu kingine. Mwaka 2021 Tesla iliita gereji magari kama 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya GB 8 ilikuwa inachakaa; ikifa, inaondoka na kamera ya nyuma na kitufe cha kuondoa ukungu kiooni. Kabla ya kulipa, hakikisha taa, waipa na honi vina vitufe au vijiti vyake.

Leaf haiwaki na nimeichaji usiku kucha. (Nairobi)

Nimelijibu hili mara nyingi mno. Pima betri ndogo ya volti 12, ndiyo inayoliamsha gari hata kama betri kubwa imejaa. Ikisoma chini ya 12.4 baada ya kupumzika, ichaji. Ikirudi kushuka, badilisha. Usimruhusu fundi afungue betri kubwa kwa tatizo hili: ina volti zaidi ya 300, inaua.

CHAdeMO itanifaa? (Dodoma)

Hiyo ni soketi ya chaji ya kasi. Nyumbani huihitaji, utatumia soketi ya Type 1, ya chaji ya kawaida. Kwa safari, nenda ukakione kwa macho kituo kinachofanya kazi kwenye njia yako kabla hujatoa hela.