Kokoto za Uani: Pima Kwanza, Ndipo Uulize Bei ya Tripu

Nilipoamua kumwaga kokoto kwenye uwanja wa nyumba yangu huko Goba, jijini Dar es Salaam, nilimpigia simu dereva wa lori niliyepewa namba yake na jirani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unataka tripu ngapi, bosi?" Nikatazama njia ya gari kutoka getini hadi kwenye maegesho, nikaona si pakubwa, nikajibu kwamba moja itatosha. Lundo lilipomwagwa mbele ya geti lilionekana kama kilima, hata mke wangu akauliza kitakachobaki tutakipeleka wapi. Vijana wawili walisambaza kwa toroli na reki hadi alasiri, na jioni bado tulikuwa tunauona udongo kati ya jiwe na jiwe. Masika yalipokuja, magurudumu yalizikandamiza zile kokoto chache ndani ya mchanga, na njia ikarudi kuwa ya mchanga yenye mawe hapa na pale.

Kosa langu halikuwa la hesabu, kwa kuwa sikufanya hesabu yoyote. Tripu si kipimo. Ni safari ya lori fulani lililojazwa na mtu fulani siku fulani. Kokoto hujaza nafasi yenye urefu, upana na unene, kwa hiyo kinachopaswa kujulikana kabla ya kuulizia bei ni mita za ujazo.

Urefu na upana havisumbui sana. Chukua tepu, usipime kwa hatua za miguu, na uwanja wenye kona nyingi ugawe katika mistatili, kila mmoja uupime peke yake. Kwangu njia ya gari ni mita 14 kwa 3.2, yaani mita za mraba 44.8, na maegesho ni mita 6 kwa 5.5, yaani 33. Jumla ni mita za mraba 77.8. Kuna pia kijia cha kwenda jikoni chenye urefu wa mita 11 na upana wa mita 1.2, ambacho ni mita za mraba 13.2. Nilikiandika kando kwa sababu hakipitiwi na gari. Penye mduara, kama kuzunguka shina la mwembe, pima kutoka katikati hadi ukingoni, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa 3.14.

Unene ndio unaotudanganya wengi, kwa sababu jicho huona eneo lakini halioni kina. Kwa kijia cha miguu, sentimita 5 zinatosha. Kwa njia ya gari ndogo, mimi sasa sishuki chini ya sentimita 8, na hapo ni juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Ukubwa wa jiwe nao una neno lake: kokoto za robo tatu inchi zina karibu sentimita 2 kila moja, hivyo tabaka la sentimita 3 ni kama jiwe moja na nusu tu, na lazima udongo uchungulie.

Asiyeamini namba, au anayebishana na fundi wake, afanye jaribio la ndoo. Piga vigingi vinne vya mraba wa mita moja kwa mita moja, zungushia kamba, kisha mwaga ndani yake kokoto kwa ndoo ya lita 20, ukizisawazisha kwa reki. Ndoo mbili na nusu hutoa unene wa sentimita 5. Ndoo nne hutoa sentimita 8. Simama hapo, kanyaga, sukuma kwa kisigino, ukaone kama unaridhika. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za namna hiyo, kwa hiyo mtu aliyeridhika na ndoo nne kwenye kila mita ya mraba anaweza kufanya hesabu yote kwa ndoo. Mita 77.8 kwa ndoo nne ni ndoo 311, na ukizigawa kwa 50 unapata mita za ujazo 6.2. Kijia changu, kwa unene wa sentimita 5, kinaongeza 0.66, na jumla inakuwa karibu 6.9. Kwa sababu ardhi haiko sawa na kokoto nyingine hupotea pembeni, ongeza asilimia kumi, ufikie takribani 7.6.

Mafundi wetu wengi hupima kwa futi, na hilo halina ubaya mradi usichanganye vipimo. Nimewahi kuona mtu akizidisha futi kwa futi, kisha akazidisha kwa inchi tatu kana kwamba ni futi tatu, akapata namba ya kujaza bwawa. Inchi tatu ni robo futi. Ukishapata futi za ujazo, gawa kwa 35.3 upate mita za ujazo.

Sasa turudi kwenye lori. Nililazimika kuagiza tena, na lilipokuja lori lilelile nilimwomba dereva aniruhusu kupanda na tepu kabla hajamwaga. Alicheka, akasema, "Panda tu, bosi, hapa hakuna siri." Bodi lilikuwa na urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 2.1 kwa ndani. Kilele cha katikati kilikuwa na kina cha sentimita 80, na ungeitumia hiyo 80 ungepata mita za ujazo 7. Lakini kwenye kona mbili kina kilikuwa sentimita 40, na nyingine mbili 45. Wastani wa vipimo vyote vitano ni sentimita 50, na mzigo halisi ulikuwa takribani mita za ujazo 4.4. Maana yake nilihitaji tripu mbili za lori hilo tangu mwanzo. Akikutajia tani badala ya tripu, kokoto kavu zilizomwagwa bila kushindiliwa huwa na karibu tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo, hivyo tani saba ni mita za ujazo 4.7 hivi.

Kabla ya mzigo huo wa pili tulikwangua njia, tukamwaga moramu, yaani udongo wenye changarawe, ya unene wa sentimita 10 na kuishindilia, ili kokoto zisizame tena. Moramu nayo hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo nyongeza yake ni kubwa kuliko ya kokoto: kwa eneo langu hesabu ilitoa mita za ujazo 7.8, nami nikaagiza karibu 10.

Jambo jingine, ambalo halihusu hesabu ila lingenigharimu zaidi: mwoneshe dereva shimo la maji taka lilipo kabla hajaingia, kwa kuwa lori lenye mzigo wa tani saba halipaswi kukanyaga mfuniko uliojengwa kwa ajili ya watu.

Kuagiza mara mbili kuliniachia alama ambayo sikuitarajia. Tripu ya kwanza ilikuwa kokoto za Lugoba, za kijivu, kutoka kwenye mwamba mgumu. Ya pili dereva aliichukua machimbo mengine, na zilikuja nyeupe, za mawe ya chokaa. Tulijaribu kuzichanganya kwa makoleo, lakini za kijivu nyingi zilikuwa zimekwisha kufukiwa na moramu, na zile tulizoziokoa zilitosha kuanzia getini hadi usawa wa tangi la maji tu. Hapo ndipo rangi inapobadilika, na mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza huniuliza kama nilikusudia.