Silika kwenye utando wa seli ya fueli: itasaidia nini na haitasaidia nini

Ndugu mtoa mada, umeuliza kama kuchanganya unga wa silika (oksidi ya silikoni) katika utando wa Nafion, yaani polima yenye florini inayotenganisha gesi mbili za seli ya fueli na kupitisha protoni, kutaongeza upitishaji wa protoni na pia kurefusha maisha ya seli, na ni asilimia ngapi inatosha. Nimekuwa nikitengeneza tando za namna hii maabara, na kwa maoni yangu hayo ni matatizo mawili yenye tiba tofauti. Silika inagusa la kwanza tu, tena kwa masharti.

Nafion hupitisha protoni katika vijia vya maji vilivyozungukwa na makundi ya asidi salfoniki, na utando ulioshiba maji hufikia upitishaji wa takriban 0.1 S/cm (siemensi kwa sentimita) kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Joto likikaribia nyuzi 100 na kuzipita, maji hupungua na vijia hukatika. Silika yenyewe haipitishi protoni kwa kiwango cha maana. Kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke upesi. Kwa hiyo ukiupima utando wako ukiwa umezama majini, yaelekea utapata thamani ndogo kuliko ya utando mtupu, na faida itajitokeza pale tu utakaposhusha unyevu au kupandisha joto. Anayetoa kipimo cha hali moja tu hajathibitisha lolote.

Kuhusu kiasi, mimi huanzia asilimia 3 hadi 5 kwa uzito, na sijaona sababu ya kuvuka 10, kwani utando huanza kukakamaa na kupasuka ukikunjwa. Hata hivyo, namna ya kuchanganya ina uzito kuliko asilimia. Chembe za unga hung'ang'aniana, na mchanganyiko ukikaushwa polepole kwenye sahani ya kioo hutuama chini, hata ukiubandua utando unakuta uso uliogusa kioo una ukungu mweupe ilhali ule wa juu unang'aa. Utando wa namna hiyo usihangaike kuupima. Mimi hupendelea kuizalisha silika ndani ya utando wenyewe: utando husafishwa kwanza kwa kuchemshwa katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, maji, asidi salfuriki ya 0.5 M, kisha maji tena. Halafu hulowekwa katika alkoholi yenye maji kidogo na kuongezewa tetraethoksisilani, kimiminika ambacho hugeuka silika kikikutana na maji. Asidi iliyomo katika utando ndiyo inayochochea mmenyuko, na chembe hukulia humo humo vijiani.

Kuna atakayekushauri utumie asidi ya fosfotangstiki badala ya silika, kwa kuwa hiyo hupitisha protoni vizuri sana. Ni kweli, lakini inayeyuka majini, na seli ya fueli inazalisha maji muda wote inapofanya kazi. Uloweke utando huo katika maji ya moto usiku kucha, uukaushe, kisha upime upya uzito na upitishaji. Thamani ya baada ya kuoshwa ndiyo ya kuandika. Chumvi yake ya sesiamu haiyeyuki, kwa hiyo inavumilia zaidi.

Tukija kwenye maisha ya seli, adui mkubwa wa kikemikali ni radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa wa kikemikali, ambazo hutokana na haidrojeni peroksaidi inayojitengeneza gesi zinapopenya utando, hasa kukiwa na ayoni za chuma. Radikali hizo huitafuna polima. Hapa kinachofaa ni metali ya seriamu: ayoni yake ya Ce3+ huizima radikali na kugeuka Ce4+, kisha peroksaidi huirudisha katika hali ya awali, hivyo kiasi kidogo hufanya kazi mara nyingi. Kidogo, nasisitiza, kwa sababu kila ayoni ya Ce3+ inaweza kukalia nafasi za protoni tatu, na isitoshe seriamu huhama ndani ya utando seli inapofanya kazi, ikaacha sehemu nyingine bila kinga.

Ili kujua kama imekusaidia, iendeshe seli bila kuvuta mkondo, kwenye nyuzi 90 na unyevu wa asilimia 30, pamoja na nyingine yenye utando usioongezwa kitu, kisha upime floridi, ambayo ni mabaki ya Nafion iliyotafunwa, katika maji yanayotoka kwenye anodi na kathodi. Floridi ikiendelea kutoka kwa kasi ileile katika seli zote mbili, seriamu yako haijafanya kazi, hata kama volteji bado inaonekana nzuri.