Jibu: Nikate tiketi ya Dubai sasa hivi au nisubiri?

Mkuu, umeuliza kama uchukue tiketi ya bei chee isiyorudishwa hela, wakati uko Dodoma na masharti ya safari hayatabiriki. Mimi nisingeichukua.

Yalinikuta 2020, wakati wa korona. Nilikata kwa wakala hapa mjini, tena kwa keshi. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, hadi Mei 18. Hela sikuiona, nikapewa vocha ya kusafiria baadaye. Kuja kuifuatilia, nakuta tiketi imeandikwa barua pepe na namba ya simu ya wakala, siyo yangu! Taarifa zote za shirika zilikuwa zinaishia kwake, na vocha ilishakwisha muda. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma mstari kwa mstari uone mawasiliano ni ya nani.

Shirika likifuta safari lenyewe, dai hela, usikimbilie vocha. Ukiahirisha wewe, hapo masharti ya tiketi ndiyo yanaongea.

Kingine ni kipande cha Dodoma hadi Dar. Ukikikata peke yake ukachelewa, ndege kubwa ya Dubai haitakusubiri. Mimi hushuka na basi siku mbili kabla, nalala kwa shemeji. Na enzi zile za korona, walipotaka kipimo cha saa 72, mara nyingi walihesabu tangu ulipotolewa sampuli, siyo ulipopata majibu, kwa hiyo hukutakiwa kupima mapema kwa kiherehere.

Halafu Dubai unafuata mzigo au unatembea tu? Kama ni mzigo, wapo wanaonunua na kukutumia bila wewe kutoka hapo Majengo, Dodoma.